Kompyuta Ndogo Ndani ya Mita ya LUKU: Kwa Nini Biti 24 Zilimgusa Mteja Hadi Lundo

Na Mwandishi Wetu

Mwaka 2024 wateja wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) wanaotumia mita za LUKU walikutana na jambo ambalo hawakuwa wamelizoea. Aliyenunua umeme katika kipindi cha zoezi la kuboresha mita hakupokea tokeni moja yenye tarakimu 20 kama ilivyo kawaida. Alipokea makundi matatu, kila moja likiwa na tarakimu 20, na alielekezwa kuyaingiza yote kwa mpangilio. Makundi mawili ya kwanza hayakuongeza uniti hata moja. La tatu ndilo lililokuwa na umeme wenyewe. Zoezi hilo lilikuwa na ukomo: Novemba 24, 2024. Mita ambayo isingeboreshwa hadi siku hiyo isingeweza kupokea tokeni mpya.

Kwa wananchi wa Lundo na vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Nyasa, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, jambo hilo halikuwa dogo. Umeme wa Gridi ya Taifa uliingia Mkoa wa Ruvuma mwaka 2018 kupitia njia ya kusafirisha umeme ya kilovoti 220 kutoka Makambako hadi Songea. Kabla ya hapo mkoa ulitegemea kwa sehemu kubwa majenereta ya mafuta. Leo jokofu la muuza samaki, mashine ya kusaga mihogo, taa ya mwanafunzi na chaji ya simu vinategemea kifaa kidogo kilichofungwa ukutani au kwenye nguzo. Kifaa hicho kikikataa namba iliyoingizwa, fedha iliyolipwa haigeuki kuwa mwanga.

Wengi waliuliza: mita inayofanya kazi vizuri inawezaje kufikia siku ikashindwa kusoma tokeni? Jibu lake halipo kwenye nyaya wala kwenye nguzo. Lipo ndani ya programu, na hasa katika uamuzi wa kutenga biti 24 tu kwa ajili ya kuhesabu muda. Makala haya yanaeleza jinsi kompyuta iliyo ndani ya mita inavyofanya kazi, kwa nini wanaoiandikia programu hulazimika kubana kila biti, na funzo linalopatikana kwa wataalamu wetu na kwa wananchi.

Kompyuta isiyo na mfumo endeshi

Ndani ya mita ya LUKU mna chipu moja iitwayo maikrokontrola. Ni kompyuta kamili iliyokusanywa katika kipande kimoja cha silikoni: ina kichakataji, kumbukumbu ya kudumu ya kuhifadhia programu, kumbukumbu ya muda ya kufanyia hesabu, pamoja na milango ya kuiunganisha na vitu vya nje kama vitufe, kioo cha kuonyesha namba na vihisi vya umeme. Chipu za aina hiyo zimo pia katika mashine za kufulia, mizani ya dijitali, vidhibiti vya sola na vituo vya kupima hali ya hewa.

Tofauti kubwa kati yake na simu janja ni uwezo. Mfano mzuri ni ATmega328P, chipu inayotumika kwenye bodi ya Arduino Uno ambayo wanafunzi wengi wa uhandisi nchini huanza nayo. Ina kilobaiti 32 za kuhifadhia programu, kilobaiti 2 za kumbukumbu ya muda, na kilobaiti 1 ya kumbukumbu ya kuhifadhia taarifa zisizopaswa kupotea. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kawaida ni kubwa mara nyingi kuliko kumbukumbu yote ya chipu hiyo.

Katika simu au kompyuta ya ofisini, programu hukaa juu ya mfumo endeshi kama Android, Windows au Linux. Mfumo huo ndio unaogawa kumbukumbu, unaopanga zamu za programu na unaozungumza na vifaa kwa niaba yake. Maikrokontrola ndogo haina nafasi ya kubeba mfumo kama huo. Mwandishi wa programu huandika maelekezo yanayoendeshwa moja kwa moja juu ya chipu, bila mpatanishi. Umeme unapowashwa, kichakataji husoma maelekezo ya kwanza yaliyoandikwa mahali maalumu katika kumbukumbu, huandaa saa yake na milango yake, kisha huingia katika mzunguko ambao hautoki tena hadi umeme ukatike.

Mwandishi wa programu za namna hiyo huwasha na kuzima milango ya chipu kwa kuandika namba katika rejista, yaani vyumba vidogo vya kumbukumbu vilivyounganishwa na sehemu halisi za chipu. Kubadilisha biti moja kutoka sifuri kwenda moja katika rejista fulani huwasha taa. Kubadilisha nyingine huanzisha kipimo cha umeme. Hakuna ngazi nyingine kati ya msimbo na kifaa. Uhuru huo una gharama yake: kosa la msimbo halina wa kulizuia, na likishafungwa ndani ya kifaa kilichopigwa lakiri, kulirekebisha ni kazi ya kumfuata mteja nyumba kwa nyumba.

Kazi isiyosubiri

Mita hupima umeme kwa kuchukua sampuli za volti na za mkondo mara nyingi katika kila sekunde. Umeme wetu hubadilisha mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo kipimo kimoja kwa sekunde hakitoshi. Kinachohitajika ni maelfu. Kila sampuli ya volti huzidishwa na sampuli ya mkondo ya wakati huohuo, na majibu hujumlishwa. Jumla hiyo ndiyo nishati iliyotumika. Inapofikia kiwango fulani, mita hupunguza salio na kumulika taa yake nyekundu mara moja.

Mwananchi anaweza kuishuhudia hesabu hiyo mwenyewe. Kwenye uso wa mita huandikwa idadi ya mimuliko kwa kila uniti, kwa mfano 1000 imp/kWh. Maana yake, taa ikimulika mara 1,000, uniti moja imetumika. Katika mita ya namna hiyo, balbu ya wati 60 ikiwaka peke yake itaifanya taa imulike mara moja kwa dakika. Pasi ya wati 1,000 itaimulisha kila baada ya sekunde 3.6. Mwenye shaka na matumizi yake anaweza kuzima vifaa vyote, akawasha kimoja anachojua wati zake, kisha akahesabu mimuliko kwa saa mkononi.

Ili sampuli zisikosekane, waandishi wa programu hutumia vikatizo. Kikatizo ni ishara inayomlazimisha kichakataji kuacha kwa muda anachokifanya, kushughulikia jambo la dharura, kisha kurudi pale alipoachia. Saa ya ndani ya chipu ikitoa ishara mara 4,000 kwa sekunde, kila mara mita huchukua sampuli, huzidisha, hujumlisha, kisha hurejea kwenye kazi zinazoweza kusubiri, kama kuandika salio kwenye kioo au kusoma kitufe kilichobonyezwa.

Hapo ndipo hujitokeza aina ya kosa inayowasumbua hata wahandisi wazoefu. Tuseme chipu ya biti 8 inatunza hesabu kwenye namba yenye baiti mbili, na hesabu imefika 255. Programu kuu inasoma baiti ya chini na kupata 255. Kabla haijasoma baiti ya juu, kikatizo kinaingia na kuongeza moja. Hesabu sasa ni 256, yaani baiti ya juu imekuwa 1 na ya chini imekuwa 0. Programu inaporejea na kusoma baiti ya juu inapata 1, kisha inaunganisha vipande viwili vya nyakati tofauti na kupata 511. Namba hiyo haikuwahi kuwepo. Dawa yake ni kuzuia vikatizo kwa muda mfupi wakati wa kusoma. Kosa hilo linaweza kutokea mara moja kwa mwezi na lisionekane kabisa katika majaribio ya maabara, lakini kwa mteja ni uniti zilizotoweka bila maelezo.

Kubana bila kuharibu

Kazi ya kuboresha programu za chipu ndogo huanza na hesabu ya muda. Chipu inayokwenda kwa mapigo milioni 16 kwa sekunde, ikichukua sampuli 4,000 kwa sekunde, ina mapigo 4,000 tu kati ya sampuli moja na nyingine. Ndani ya nafasi hiyo lazima ikamilishe hesabu ya sampuli na ibakize muda wa kazi nyingine zote.

Hatua ya kwanza kwa kawaida ni kuachana na namba za desimali. ATmega328P huzidisha namba mbili nzima za biti 8 kwa mapigo 2, lakini haina sehemu maalumu ya kuzidisha desimali. Kazi hiyo hufanywa kwa mfululizo mrefu wa maelekezo. Kwa sababu hiyo mita haihesabu uniti 3.7, huhesabu uniti 37 za sehemu ya kumi, na nukta huwekwa tu wakati wa kuonyesha kwenye kioo. Ni busara ileile ya mwenye duka anayehesabu kwa senti ili kukwepa sehemu za shilingi.

Hatua ya pili ni kukiachia kitafsiri cha lugha ya programu, yaani kompaila, kifupishe msimbo. Kompaila za kisasa za lugha ya C huondoa maelekezo zinazoyaona hayana kazi na kupanga upya yaliyobaki. Hapa pia pana mtego. Kompaila ikiona programu inasoma rejista ileile mara nyingi bila programu hiyo kuibadilisha, inaweza kuamua kuisoma mara moja tu na kukumbuka jibu. Haijui kwamba thamani ya rejista hiyo hubadilishwa na kitufe alichobonyeza mteja. Ndiyo maana lugha ya C ina neno la kuiambia kompaila isifanye hivyo, “volatile”, na kulisahau neno hilo kunatosha kukifanya kifaa kilichofanya kazi vizuri mezani kikwame siku kilipofupishiwa msimbo.

Hatua ya tatu, na pengine iliyo muhimu zaidi kwa vijiji ambako umeme unaweza kukatika wakati wa mvua na radi, ni namna ya kutunza salio. Kumbukumbu inayobaki na taarifa bila umeme huchakaa kwa kuandikwa. Katika ATmega328P, kila chumba cha kumbukumbu hiyo kimehakikishwa kuandikwa mara 100,000. Idadi hiyo inaonekana kubwa, lakini programu inayoandika salio kila dakika katika chumba kilekile huandika mara 1,440 kwa siku, na hufikia ukomo huo ndani ya siku 70. Mita inatarajiwa kukaa ukutani kwa miaka mingi.

Suluhisho ni mawili, na mara nyingi hutumika pamoja. La kwanza ni kuzungusha: salio la sasa huandikwa chumba hiki, linalofuata chumba cha pili, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha kurudi mwanzo, ili uchakavu ugawanywe. La pili ni kusubiri hadi umeme uanze kuanguka. Sakiti ya mita hutambua volti inaposhuka na kuamsha kikatizo. Kapasita za ndani hubaki na nguvu ya sehemu ndogo ya sekunde, na katika muda huo programu huandika salio pamoja na namba ya uhakiki kisha huzimika. Umeme ukirudi, mita husoma salio na kulihakiki kabla ya kuliamini.

Tarakimu 20 zimebeba nini

Baada ya kuielewa kompyuta hii ndogo, sasa tokeni inaweza kuelezwa. Mita za LUKU hufuata kanuni za kimataifa zinazojulikana kwa kifupi kama STS, zilizoanzia Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990 na baadaye kuwa kiwango cha kimataifa IEC 62055-41. Kanuni hizo zilitungwa kwa mazingira ambayo mita haina mawasiliano yoyote na ofisi ya umeme. Njia pekee ya taarifa kuingia ndani yake ni vitufe, na mjumbe ni mteja mwenyewe.

Tarakimu 20 za tokeni ni namba moja ndefu yenye biti 66. Biti 2 hueleza aina ya tokeni. Biti 64 zilizobaki zimefungwa kwa ufunguo wa siri, na kila mita ina ufunguo wake. Ndiyo maana tokeni ya jirani haifanyi kazi kwako. Zikifunguliwa ndani ya mita, biti hizo hugawanyika: 4 za kueleza aina ndogo ya tokeni, 4 za nasibu, 24 za kutambulisha wakati tokeni ilipotolewa, 16 za kiasi cha umeme na 16 za uhakiki. Hizo za uhakiki ndizo zinazogundua tarakimu iliyokosewa wakati wa kubonyeza.

Biti 24 za wakati zina kazi moja kuu: kuzuia tokeni moja isitumike mara mbili. Namba hiyo ni idadi ya dakika zilizopita tangu Januari 1, 1993. Mita hutunza kwenye kumbukumbu yake namba za tokeni ilizopokea karibuni, zisizopungua 50. Ikiingizwa tokeni ambayo namba yake tayari imo, hukataliwa kuwa imetumika. Ikiingizwa yenye namba ndogo kuliko zote zilizotunzwa, hukataliwa kuwa imepitwa na wakati. Kwa ujanja huo mita haihitaji hata kujua leo ni tarehe ngapi. Inahitaji tu kulinganisha namba kubwa na ndogo.

Biti 24, hata hivyo, haziwezi kuhesabu milele. Zina nafasi 16,777,216, na kwa dakika hizo ni siku 11,650 na ushei, sawa na karibu miaka 32. Ukizianza Januari 1, 1993, zinakwisha Novemba 24, 2024.

Kwa nini hawakuongeza biti?

Swali hilo ni la haki. Jibu lake linaonyesha uzito wa maamuzi ya wahandisi wa vifaa hivi. Biti 66 hutoa namba zinazofikia 73,786,976,294,838,206,464, ambazo zinaenea katika tarakimu 20. Biti moja zaidi ingeongeza maradufu muda wa hesabu hadi karibu miaka 64, na ukomo ungesogea hadi mwaka 2056. Lakini biti 67 hazienei katika tarakimu 20. Kila mteja, kila aliponunua umeme, angelazimika kubonyeza tarakimu ya 21.

Waliotunga kanuni walipima mambo mawili: usumbufu mdogo wa kila ununuzi kwa mamilioni ya watu kwa zaidi ya miaka 30, au usumbufu mkubwa wa mara moja baada ya miaka hiyo. Walichagua la pili. Halikuwa kosa la kihesabu. Lilikuwa ni kukopa kutoka kwa wakati ujao, na tarehe ya kulipa ilijulikana tangu siku ya kwanza.

Muhimu zaidi, waliacha mlango wa kulipia. Kanuni za STS zina tokeni maalumu zinazobadilisha ufunguo wa siri wa mita. Ufunguo huo una biti 64, na haziwezi kuingia katika tokeni moja pamoja na maelezo yake mengine; kwa hiyo hugawanywa nusu mbili za biti 32. Hayo ndiyo makundi mawili ya kwanza ya tarakimu 20 ambayo mteja wa TANESCO aliyaingiza mwaka 2024. Mita ilipoyapokea yote, ilibadilisha ufunguo na kufuta orodha ya namba za tokeni za zamani, ikawa tayari kuanza kuhesabu kutoka tarehe mpya.

Kwa nini ufunguo ubadilishwe, badala ya kufuta orodha tu? Kwa sababu mita iliyofutiwa kumbukumbu haikumbuki tokeni ilizokwisha kupokea. Mtu aliyehifadhi ujumbe wa zamani kwenye simu yake angeweza kuziingiza upya zote na kupata umeme ambao haukulipiwa. Ufunguo mpya unaziua tokeni hizo, kwa kuwa zilifungwa kwa ufunguo ambao mita haiutumii tena.

Wala kuhamisha tarehe ya kuanzia peke yake kusingetosha. Kanuni za STS zimeweka tarehe nyingine mbili za kuanzia, za mwaka 2014 na mwaka 2035. Ukihesabu dakika kuanzia 2014, namba ya Novemba 2024 ni takribani milioni 5.7. Mita yenye orodha ya zamani inatunza namba zinazokaribia milioni 16.7, ingeiona tokeni mpya kuwa ya zamani mno na kuikataa. Mita hiyo isingezimika usiku wa Novemba 24. Ingeendelea kutoa umeme hadi uniti zilizomo ziishe, kisha ingebaki bila njia ya kuongezewa hadi iboreshwe.

Kwa njia hiyo, marekebisho yaliyofika hadi mwambao wa Ziwa Nyasa hayakupita kwenye mtandao wa intaneti wa mita. Yalipita kwenye vidole vya wananchi. Mzazi aliyemsomea mtoto namba kutoka kwenye simu huku mtoto akibonyeza rimoti ya LUKU alikuwa anakamilisha kazi ya uhandisi iliyoachwa na watu waliokaa mezani zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Si mita pekee

Ukomo wa namba umewahi kuvigusa vifaa vingine vinavyoheshimika duniani. Mfumo wa setilaiti za GPS ulitumia biti 10 kuhesabu wiki, na hesabu hiyo hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024. Ilitokea hivyo Aprili 6, 2019, na baadhi ya vipokezi vya zamani vikaonyesha tarehe zisizo sahihi. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 ziwe zinazimwa umeme mara kwa mara, baada ya kubainika kuwa hesabu ndani ya vidhibiti vya jenereta zake ingefurika endapo vingewashwa mfululizo kwa siku 248. Na mifumo inayohesabu sekunde tangu mwaka 1970 kwa namba ya biti 32 itafikia ukomo wake Januari 19, 2038.

Katika mifano yote hiyo, chanzo ni kimoja na ni chepesi kueleweka: namba ilipewa chumba kidogo, na muda ukakijaza. Kubana nafasi ndiyo kazi ya kila siku ya anayeandika programu za chipu ndogo, na hawezi kuikwepa. Hatari hujitokeza pale anapobana bila kuandika popote kwamba nafasi hiyo itakwisha lini, na bila kuacha njia ya kuirekebisha. Dawa ya deni ni kulipa, lakini halipiki deni ambalo hakuna aliyeliweka kwenye daftari.

Maana yake kwa Taifa

Tanzania inaendelea kufunga vifaa vya aina hii kwa wingi. Mita za maji za malipo ya kabla, vidhibiti vya pampu za sola, mizani za dijitali za kununulia kahawa na korosho, pamoja na vituo vinavyojiendesha vya kupima hali ya hewa, vyote vina maikrokontrola ndani yake. Vingi vitafungwa mahali ambapo fundi hafiki kila wiki. Hivyo kila taasisi inayonunua vifaa hivyo ina maswali ya msingi ya kumuuliza msambazaji kabla ya kusaini mkataba: hesabu za muda ndani ya kifaa zinakwisha lini? Kumbukumbu yake imehakikishwa kuandikwa mara ngapi, na programu huandika mara ngapi kwa siku? Umeme ukikatika katikati ya kuandika, taarifa gani hupotea? Programu ikionekana kuwa na kosa baada ya kifaa kufungwa Lundo, itarekebishwa kwa njia gani na kwa gharama ya nani?

Maswali hayo hayawezi kuulizwa vizuri bila wataalamu wa ndani. Vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vinafundisha uhandisi wa elektroniki na kompyuta, na kijana anayetaka kuanza hahitaji maabara kubwa. Bodi ndogo ya mafunzo, kompyuta ya kawaida na kompaila isiyolipiwa vinatosha kujifunza kuandika kwenye rejista, kupanga vikatizo na kupima mapigo ya saa. Anayejifunza kuifanya taa moja imulike kwa usahihi bila mfumo endeshi ameanza njia inayoelekea kwenye mita.

Kwa upande wa mwananchi, mambo ni machache na yako ndani ya uwezo wake. Asilipe mtu yeyote anayedai fedha kwa ajili ya tokeni za kuboresha mita, kwani zoezi lile lilifanyika bila malipo. Mita ikikataa tokeni, ahakikishe kwanza tarakimu zote 20 na mpangilio wake, kisha atoe taarifa TANESCO akiwa na namba ya mita. Asifungue kifuniko wala kuvunja lakiri, maana ndani yake mna kumbukumbu ya salio na ufunguo wa siri, na jaribio la kuichokonoa linaweza kuifunga mita kabisa. Pale anapotilia shaka kipimo, aanze na mimuliko ya taa nyekundu kama ilivyoelezwa hapo juu, aandike wati za kifaa, idadi ya mimuliko na muda, kisha apeleke hesabu hiyo pamoja na malalamiko yake. Malalamiko yenye namba hujibiwa kwa namba.

Hesabu inayoanzia mwaka 2014 nayo ina biti 24 zilezile. Itakwisha Novemba 24, 2045. Mtoto anayeanza shule Lundo mwaka huu atakuwa mtu mzima wa makamo ya kazi siku hiyo ikifika, na huenda akawa ndiye mhandisi anayeulizwa mita zilizobaki zifanywe nini. Deni limeshaandikwa kwenye daftari. Kilichobaki ni kumwandaa atakayelisoma.